Kobe katika parsele: mambo ya kujua kabla ya kuchimba kidimbwi Bagira

BAGIRA – Watoto wa Bukavu wanamjua kobe kwanza kwa hadithi: mwerevu, mpole, anaenda polepole na bado anafika. Ndiyo maana siku anapoingia nyumbani, awe ametoka upande wa Shabunda ndani ya gari la mizigo ao ameletwa na ndugu kutoka Uvira, furaha inakuwa kubwa. Watoto wanamzunguka, mama anatafuta beseni, na haichukui muda mutu mmoja anatoa wazo: tumchimbie kidimbwi nyuma ya nyumba.

Wazo hilo si baya. Lakini katika komini ya Bagira, kidimbwi ni jambo la mlima kabla ya kuwa jambo la kobe. Tena ni jambo la maji, la baridi na la usalama wa watoto. Familia ikichimba bila kufanya hesabu hizo, inaweza kumpoteza mnyama, kumuweka mtoto katika hatari, ao kuharibu nyumba ya jirani aliye chini.

Si kila kobe anakaa majini

Kosa la kwanza linatoka kwenye jina. Wengi wanamuita kobe yeyote kwa Kifaransa tortue, na kwa kuwa jina ni moja, wanadhani maisha pia ni ya namna moja. Sivyo.

Kobe wa nchi kavu ana gamba lililopanda juu kama kofia ngumu, na miguu minene kama nguzo. Katika misitu ya mashariki ya Kongo kuna wale wa jamii ya Kinixys. Hao wanatambulika kwa kiungo kilicho nyuma ya gamba la juu: kobe aliyekomaa akiogopa, anashusha sehemu hiyo na kujifunga kama mlango. Anakula uyoga, matunda yaliyoanguka, konokono na majongoo. Anapenda unyevu na anaweza kuingia kwenye maji ya kina kidogo. Lakini kidimbwi chenye kuta zilizosimama ni mtego kwake. Akichoka bila kupata pa kupandia, anazama na kufa.

Kobe wa maji ana gamba lililolala, na ngozi kati ya vidole ya kumsaidia kuogelea. Katika Ziwa Tanganyika wanaishi wale wa jamii ya Pelusios, ambao wanaweza kufunga gamba la chini upande wa mbele. Wengine, wa jamii ya Pelomedusa, hawana kiungo hicho na wanajulikana kwa kujizika ndani ya matope maji yanapokauka.

Kipimo rahisi ni shingo. Kobe wa nchi kavu akificha kichwa, anakirudisha ndani moja kwa moja. Hawa wa maji wanakunja shingo pembeni, na kichwa kinalala chini ya ukingo wa gamba. Anayefanya hivyo ndiye anayehitaji kidimbwi. Yule mwengine anahitaji uzio, majani, kivuli na sahani pana ya maji ambayo hata akiingia, miguu yake inagusa chini.

Jambo lingine la kukumbuka: kobe mdogo habaki mdogo. Pelusios mkubwa wa Tanganyika anaweza kupita sentimita 40. Tena kobe anaishi miaka mingi, 30 na zaidi akitunzwa. Mtoto anayemshangilia leo anaweza kuoa na kobe akawa bado yuko.

Baridi ya Bagira

Bukavu iko kwenye mita zipatazo 1,500 juu ya usawa wa bahari, na sehemu nyingi za Bagira ziko juu zaidi ya ziwa. Uvira, kando ya Tanganyika, iko kwenye mita 800 hivi. Kindu iko chini zaidi, karibu mita 500. Kobe aliyetoka kule amepandishwa mlima bila kuulizwa.

Kobe hana joto lake mwenyewe kama kuku ao mbuzi. Joto la mwili wake ni joto la mahali alipo. Akiwa kwenye baridi, tumbo linaacha kusaga chakula, anakataa kula, na mapafu yanaweza kushikwa. Dalili zinaonekana: mapovu puani, kupumua kwa mdomo wazi, kuogelea akiwa ameinama upande mmoja. Watu wanasema, "Iko na gamba, haiwezi kufwa." Gamba linazuia meno ya mbwa, halizuii baridi.

Kwa hiyo kidimbwi kiwekwe pale jua la asubuhi linapofika, si nyuma ya ukuta wenye kivuli siku nzima. Kuwe na sehemu ya maji ya kina kidogo inayopata joto haraka, na jiwe ao ubao mkavu ambapo kobe anaweza kutoka kabisa na kujianika. Jua hilo pia ndilo linalosaidia gamba kuwa gumu. Wakati huohuo, theluthi moja ya kidimbwi ibaki kwenye kivuli, kwa sababu kobe asiyeweza kukimbia jua kali la mchana naye anaumia. Usiku wa kiangazi, kuanzia Juni hadi Agosti, anga likiwa wazi na baridi ikizidi, kobe mdogo ao mgonjwa ni bora alale ndani ya nyumba kwenye beseni kubwa.

Mlima kwanza

Kila mkaaji wa Bukavu anajua udongo wa mji huu. Ukikauka unapasuka, ukilowa unateleza. Misimu ya mvua imekwisha kubomoa nyumba, kukata barabara na kuchukua maisha ya watu kwenye miteremko. Kidimbwi kinachovuja ni kama mvua isiyokatika: maji yanaingia udongoni usiku na mchana, udongo unakuwa mzito, na siku moja unashuka.

Tuchukue kidimbwi cha kawaida: urefu mita 2, upana mita 1 na nusu, kina nusu mita. Hicho kinabeba lita 1,500. Uzito wake ni tani moja na nusu ya maji peke yake, bila simenti na mawe. Uzito huo ukiwekwa kwenye ukingo wa udongo uliokatwa, juu ya nyumba ya jirani, hatari haimhusu tena mwenye kobe pekee.

Kanuni ni chache. Mtu asichimbe karibu na ukingo uliokatwa, wala juu ya ukuta wa mtu mwengine. Asichimbe chini ya choo, kwa sababu uchafu unafuata mteremko. Asichimbe pale ardhi ina mipasuko ao miti imeanza kuinama. Na kabla ya kuanza, azungumze na jirani wa chini. Mazungumzo hayo yanagharimu dakika kumi. Kesi mbele ya mkubwa wa mtaa inagharimu zaidi.

Pale ambapo mteremko ni mkali, kuna njia nyingine: kutochimba. Tangi la zamani lililokatwa, beseni kubwa la ujenzi ao sanduku la mbao lililotandikwa bashi nzito linaweza kukaa juu ya ardhi iliyosawazishwa. Linabeba maji kidogo, linaonekana likivuja, na likileta shida linamwagwa siku hiyohiyo.

Hesabu ya mabidoni

Lita 1,500 ni mabidoni 75 ya lita 20. Kidimbwi cha kobe kinachafuka haraka, maana kobe anakula majini na anajisaidia majini. Kubadilisha theluthi moja ya maji kila wiki ni mabidoni 25. Katika avenyu ambapo bomba la Regideso linakaa siku nyingi bila kutoa hata tone, mabidoni 25 ni safari za watoto na wamama kwenda chemchemi. Familia ijiulize wazi: nani atayabeba? Kama jibu ni mtoto wa kike anayepaswa kuwa shuleni, basi kidimbwi hicho ni kikubwa mno.

Mvua inaweza kusaidia. Bati lenye meta mraba 20 likipata mvua ya milimita 10 linatoa karibu lita 200, yaani mabidoni 10. Kwa kuwa Bukavu inapata mvua kuanzia Septemba hadi Mei, mfereji wa bati na pipa vinaweza kubeba sehemu kubwa ya kazi. Ile mvua ya kwanza baada ya kiangazi iachwe ipite, maana inaosha vumbi na uchafu wa bati.

Maji yanayotolewa kidimbwini yasitupwe njiani. Yana mbolea, na mgomba ao mti wa avoka utayapokea vizuri. Lakini yasimwagiwe kwenye mboga zinazoliwa mbichi, kwa sababu ya vijidudu vitakavyoelezwa hapa chini.

Namna ya kujenga

Upande mmoja wa kidimbwi uwe na mteremko mpole, wenye mawe ao sakafu isiyoteleza, ili kobe atoke bila kupigana. Baada ya mteremko kuwe na sehemu kavu yenye udongo laini ao mchanga. Kobe jike hutafuta mahali pa kuchimba na kutaga, hata akiwa peke yake. Asipopapata anaweza kukaa na mayai tumboni na kuugua.

Ukuta wa kuzunguka eneo lote uwe laini ndani, na juu uwe na ukingo ulioinama kuelekea ndani. Kobe ni mpandaji kuliko watu wanavyofikiri. Bomba la kutoa maji yanayozidi wakati wa mvua kubwa liwekewe wavu, kwani siku kidimbwi kinapofurika ndiyo siku ambayo kobe anapotea. Bomba hilo lielekee kwenye mfereji, si kwenye msingi wa nyumba.

Simenti mpya ina ukali unaochoma ngozi na macho. Kidimbwi kijazwe na kumwagwa mara kadhaa, kwa muda wa wiki mbili ao tatu, kabla ya mnyama kuingia.

Juu kuwekwe wavu wa chuma kwenye fremu inayofunguka. Kobe wadogo wanachukuliwa na kunguru na mwewe mchana, na panya wanawatafuna usiku. Mbwa wa nyumbani naye anaona gamba kama mfupa.

Wavu haumzuii mbu. Kidimbwi kilichotulia kinazalisha mbu, na mbu wanaleta malaria. Samaki wadogo wa tilapia wanakula mayai na viluwiluwi vya mbu. Ni kweli kobe wa maji atakula baadhi ya samaki hao, basi wengine waongezwe kila wanapopungua. Kingo zisafishwe kila wiki, na majani yanayooza yatolewe.

Watoto: hatari mbili

Hatari ya kwanza ni kuzama. Mtoto mdogo anaweza kuzama katika maji yasiyofika magotini, tena bila kupiga kelele. Kidimbwi cha nusu mita kinatosha kabisa. Kwa hiyo uzio usiopitika na mlango unaofungwa kwa kufuli si mapambo. Katika parsele ambamo familia tatu ao ine zinaishi pamoja, watoto wa kulinda si wa mwenye kobe pekee. Kama uzio hauwezekani, kidimbwi kisijengwe.

Hatari ya pili haionekani kwa macho. Kobe wengi wanabeba kijidudu kinachoitwa salmonela. Wao hawaugui, lakini mtu akikimeza anaweza kupata homa, maumivu ya tumbo na kuhara kukali. Watoto wasiofika miaka 5, wazee, wamama wajawazito na watu ambao kinga yao imepungua ndio wanaoumia zaidi. Marekani ilikataza mwaka wa 1975 kuuza kobe ambao gamba lao halijafika sentimita 10 hivi, kwa sababu watoto walikuwa wakiwaweka mdomoni, kisha wanaugua kwa wingi.

Kujikinga ni rahisi kusema, ni vigumu kuzoea. Kunawa mikono kwa sabuni kila baada ya kumgusa kobe ao maji yake. Kutombusu. Kutomuacha atembee jikoni. Beseni lake lisioshwe pamoja na sahani, na liwe na rangi yake ili mtu asilichanganye na beseni la unga.

Chakula na mwili wake

Kwa kobe wa maji, Bukavu ina bahati: sambaza wabichi ni chakula kizuri, kwa sababu wanaliwa wazima na mifupa yao, na mifupa hiyo inajenga gamba. Sambaza waliotiwa chumvi wasitolewe. Minyoo ya udongo, konokono na wadudu wanafaa pia, pamoja na majani kama lengalenga, na kipande cha papai mara mojamoja. Sombe mbichi ni sumu kabla ya kupikwa vizuri, kwa hiyo isiwekwe. Mkate na fufu vinajaza tumbo tu: kobe anayeishi kwa hivyo gamba lake linalainika na macho yake yanavimba.

Mkubwa anatosheka na chakula mara tatu kwa wiki. Kinachobaki baada ya nusu saa kitolewe, kisioze majini.

Na gamba lisitobolewe. Wapo wanaotoboa shimo ukingoni na kufunga kamba ili kobe asipotee. Gamba si kama kiatu. Ni mfupa ulioungana na mbavu na uti wa mgongo. Lina damu na linasikia maumivu. Shimo hilo ni kidonda, na kidonda hicho kinaingiza uchafu mwilini. Rangi juu ya gamba nayo haifai.

Mkono wa mwizi

Kobe anauzwa, na anapouzwa anaibiwa. Kisiwa cha Changuu, Zanzibar, kinatoa somo. Mwaka wa 1919 kilipokea kobe wakubwa 4 kutoka Shelisheli kama zawadi. Walizaana, na kufikia 1955 walikuwa karibu 200. Kisha watu wakaanza kuwaiba, wengine kwa kuwauza ngʼambo, wengine kwa nyama. Mwaka wa 1996 walibaki 7 tu, na ikabidi kuleta watoto wa kobe na kuweka ulinzi mkali. Kama kisiwa kizima kiliibiwa, parsele yenye uzio wa matete haiwezi kujidanganya. Mwenye kobe asimtangaze, na usiku wavu ufungwe kwa kufuli.

Sheria na ziwa

Kuna swali linalopaswa kuja kabla ya beseni na simenti: mnyama huyu ametoka wapi? Kobe wote wa nchi kavu wa jamii ya Kinixys wako kwenye orodha ya mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama wa pori, CITES, ambao nchi hii iliuingia mwaka wa 1976. Kumvusha mpaka, hata kumpeleka Cyangugu kwa miguu, kunahitaji karatasi. Ndani ya nchi, sheria nambari 14/003 ya tarehe 11 Februari 2014 inasimamia ulinzi wa viumbe, na kumtoa mnyama yeyote katika Hifadhi ya Kahuzi-Biega ni kosa. Taasisi inayohusika na mambo hayo ni ICCN. Anayetaka kufuga aulize kwanza mnyama gani anaruhusiwa na kwa karatasi gani.

Kumnunua kobe kwa huruma, ili asipikwe, kunaonekana kuwa tendo jema. Lakini muuzaji haoni huruma, anaona mteja. Kesho atarudi na wawili.

Na yule aliyechoka na kobe wake asimtupe Ziwa Kivu. Kobe wa msitu atakufa. Kobe wa maji kutoka mbali anaweza kuleta magonjwa ao kula visivyo vyake. Maziwa ya eneo hili yanajua vizuri mkono wa binadamu unaweza kufanya nini. Sambaza waliletwa Kivu kutoka Tanganyika katika miaka ya 1950, na leo wanalisha mji. Lakini sangara walioingizwa Ziwa Victoria katika miaka hiyohiyo walimaliza aina nyingi za samaki wadogo wa kule. Hakuna anayejua mapema matokeo yatakuwa yapi.

Kwa aliye naye tayari

Wengi wanaosoma haya hawapangi kununua. Kobe yuko nyumbani tayari, ndani ya beseni. Hao waanze na mambo manne leo hii: kutazama shingo ili kujua ni wa maji ao wa nchi kavu, kumpa pa kujianika juani na pa kujificha, kumuondoa jikoni na kuweka sabuni karibu, kufungua kamba kama amefungwa. Akiwa hali ao anatoa mapovu, apelekwe kwa daktari wa mifugo.

Kisha familia ikae na kupiga hesabu ya mlima, ya mabidoni na ya uzio. Ikipata jibu zuri kwa zote tatu, kidimbwi kinaweza kuchimbwa na kobe atakaa miaka. Hesabu moja ikikataa, beseni pana, uzio mdogo na jua la asubuhi vitamtosha kwa muda, wakati wenye nyumba wanauliza ICCN anapaswa kupelekwa wapi.